Ndoo ya Pili

Baba alipoiona ndoo nyuma ya mlango aliifungua, akachungulia ndani, kisha akarudisha mfuniko taratibu kama mtu aliyefumania jambo.

"Hii sukari ya nani?"

"Ya kwetu, baba."

"Na sabuni? Na viberiti vyote hivi?"

"Vya kwetu. Vya siku mlima ukishuka."

Enzi za duka la kaya baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa akipita nyumba hadi nyumba pamoja na mgambo, wakiinua magodoro na kutafuta sukari iliyofichwa. Mtu akikutwa na sabuni nyingi kuliko inayohitajika na familia yake, huyo ni mlanguzi, safari ya kituo cha polisi Katesh inamhusu. Sasa maduka yalikuwa yamejaa. Hata hapa kwetu Gendabi, kwenye kibanda cha mabati, ungepata betri, mishumaa, kandambili za rangi zote na ndoo za plastiki zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Biashara ilikuwa imeruhusiwa zamani. Baba ndiye alikuwa hajajiruhusu.

"Unaficha vitu nyuma ya mlango," alisema. "Jirani akiviona atasema nini?"

"Atasema na yeye akanunue ndoo."

Aliondoka akitikisa kichwa. Mama, aliyekuwa akipepeta maharage uani, alisubiri mpaka hatua za baba zikapotea upande wa zizini, ndipo akacheka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba miaka ile ya msako sukari yetu ilikuwa imefukiwa ndani ya debe, chini ya majani ya kulalia ndama.

"Baba yako alikuwa anaikanyaga kila asubuhi akienda kukamua," alisema. "Mpaka leo hajui. Na usimwambie."

Basi nilijua nimerithi kwa nani.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani kusubiri kazi. Mkoa wetu ulikuwa bado mpya. Kwenye bahasha za kuomba kazi mkono wangu uliandika Arusha kwa mazoea, kisha nikafuta na kuandika Manyara. Majibu hayakuja kwa anwani ya zamani wala kwa mpya. Nilikuwa na muda mwingi wa kuuliza maswali, na kijiji chenye watu walioona nimeshauliza ya kutosha.

Masika ya mwaka ule yalianza vibaya. Kijiji chetu kiko chini kabisa ya Mlima Hanang, mashamba yetu yamepanda ubavuni mwake, na juu ya shamba la mwisho ardhi ilikuwa imepasuka ufa mrefu ambao mkono ungeweza kuingia. Kijito tulichozoea kuona mawe ya chini yake kilikuwa kinaleta tope na mizizi. Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano. Kila kaya iwe na vitu vya dharura mahali pamoja. Rimu ya lori iliyotundikwa shuleni ikigongwa mfululizo, watu wote wapande shuleni, kwa kuwa shule imejengwa mgongoni mwa kilima na maji hayafiki.

Mzee mmoja akasimama, akauliza kama kufunga mizigo kabla ya balaa si kuliita hilo balaa.

Na mimi nikasimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza. Mvua ina masikio?"

Watu walicheka, lakini hawakumcheka yeye, walinicheka mimi. Baba aliangalia viatu vyake. Njiani kurudi, vijana wa rika langu waliposikia nakwenda kununua ndoo ya dharura waliniandama: "Msomi! Hiyo ndoo yako nayo ina digrii?"

"Inayo," niliwajibu. "Ndiyo maana haina kazi."

Nilinunua ndoo hata hivyo. Nilitia unga wa mahindi, unga wa uji, chumvi, sukari, sabuni, dawa ya maji, tochi, betri zilizofungwa mbali na tochi, kisu, kamba ya katani, na vyeti vya familia ndani ya mfuko wa rambo. Mama alifunga viberiti kwa namna yake, ndani ya nailoni, halafu ndani ya kitambaa, halafu ndani ya nailoni tena. Tatizo lilikuwa moja. Kwetu jirani akija kuomba chumvi, huwezi kumwambia haipo wakati ipo. Mama aliweza kuificha sukari isionekane na serikali, lakini hakuweza kumnyima mtu chumvi usoni. Kila wiki nilikuta ndoo imepungua, na kila wiki nikajaza. Sikukubali ishinde.

Lakini ndoo ile haikuwa shida yangu kubwa. Shida yangu ilikaa kwenye kijumba cha udongo pembeni mwa ua wetu, upande wa mlimani.

Humo aliishi wifi yangu, mke wa kaka. Kabla ya mvua kuanza alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, mchanga kabisa, na tangu hapo alikuwa kwenye kile ambacho kwetu tunakiita meeta. Mwanamke aliyefiwa hivyo anakaa kando. Haingii nyumba ya mtu. Habebi mtoto wa mtu. Haendi kisimani na wenzake, anachotewa. Ana kikombe chake na sahani yake, na cha wifi kilikuwa kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake, ili asitokee mtu akakikosea. Watu wanasema kifo kilichomgusa kinaweza kuhama naye. Katekista alishatangaza kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na watu waliitikia amina, kisha wakatoka nje na kupita mbali na ua wetu.

Kaka yangu naye alikuwa amefiwa na mtoto huyohuyo. Yeye alikuwa migodini Mererani akitafuta mawe ya tanzanite, akila hotelini, akinywa kwenye glasi za watu na kulala vyumba vya kupanga na wenzake. Niliuliza kwa nini kifo hakikuhama naye kwenye basi. Mama aliniambia nikoroge uji.

Swali lililonikosesha raha lilikuwa jepesi. Rimu ikigongwa, wifi atakwenda wapi?

Nilimuuliza baba.

"Patapatikana mahali."

"Wapi, baba? Shuleni watakuwepo watoto wa kijiji kizima, na wajawazito. Watamwacha aingie?"

"Nimesema patapatikana."

Ndipo niliponunua ndoo ya pili. Niliijaza vitu vilevile, nikaongeza blanketi zito. Kisha nikachukua turubai la kuanikia mahindi, baba akilalamika kwamba mahindi yataoza, nikalikunja na kulifunga kamba ili libebeke mgongoni. Kama hawezi kuingia nyumba ya mtu, nilijiambia, basi atatembea na nyumba yake. Niliipenda sana hoja hiyo. Nilimpelekea wifi ndoo yake mlangoni nikitegemea shukrani.

"Wifi, usijisumbue," alisema. "Siku mkiondoka mniachie moto tu."

"Maana yake nini?"

"Mimi nitabaki."

Nilianza kumweleza. Nilimweleza kuhusu vijidudu, kuhusu watoto wachanga wanaokufa kwa sababu zahanati iko mbali, kuhusu mila ambazo hakuna aliyezipima. Alinisikiliza huku akipukuchua mahindi, punje zikilia kwenye beseni. Nilipotulia, akasema:

"Unadhani mimi naamini? Mimi nimeishia darasa la saba, lakini si mjinga. Mtoto wangu alishindwa kupumua, nilimwona. Sasa sikiliza. Nikiingia kwenye lile darasa, halafu mwezi ujao mtoto wa mtu akafa, ataulizwa nani? Utaulizwa wewe?"

Chuo kilinifundisha kubishana na mtu anayeamini. Hakikunifundisha kubishana na mtu asiyeamini, ila anawajua majirani zake.

Siku yenyewe ilipofika, ilikuwa mchana. Nilikuwa nje naondoa nguo kwenye kamba kwa sababu mwanga ulikuwa umegeuka manjano, kisha kijivu, na kuku walikuwa wameingia ndani wenyewe. Mvua ikaja ikitokea mlimani kama ukuta. Ndani ya mvua ile kukawa na mngurumo mwingine, mzito, kama malori mengi yanapanda pamoja na hayafiki. Rimu ikaanza kugongwa.

Mama alijitwisha ndoo ya kwanza bila kuuliza kitu. Baba alikimbilia zizini kuwatoa ng'ombe. Mimi nilijifunga turubai mgongoni na kwenda kwa wifi.

Alikuwa ameketi kando ya moto, khanga imemfunika mpaka kichwani.

"Nendeni," alisema.

Niliingia ndani. Tangu msiba hakuna aliyevuka kizingiti kile. Vitu vyote vilikuwa vinawekwa mlangoni. Nikakaa chini mbele yake.

"Umeingia," alisema.

"Nimeingia."

"Toka, wifi. Maji yanakuja."

"Nayaona." Yalikuwa yameshapenya chini ya ukuta na kuanza kulamba majivu. "Nitakaa mpaka utakapochoka kukaa."

"Wewe mjinga kweli."

"Ndiyo maana wakanisomesha."

Moto ukafanya *chwee* na kuzimika. Nafikiri ni huo uliomwinua, si mimi. Aliomba aachiwe moto, na moto wenyewe ulikuwa umeondoka kwanza. Alitia kikombe chake kwenye ndoo yake, akaibeba, tukatoka, tukafungana kamba ya katani kiunoni kwa ajili ya kuvuka korongo la kijito, na tulipovuka tope lilitushika magotini na mawe yaligongana mahali fulani juu yetu ambapo hatukuweza kupaona.

Shuleni watu walikuwa wameshajaa. Wakulima wa kwetu walikuwemo, na wafugaji wa upande wa chini pia, na ng'ombe wa wote wamechanganyika kwenye kiwanja cha mpira huku baba na wanaume wengine wakiwazuia wasirudi bondeni. Wifi alisimama chini ya ukingo wa bati, nje ya mlango wa darasa, kama mtu aliyefika mwisho wa njia.

Nilifungua turubai na kulifunga kwenye nondo za dirisha, nikiwa bado na imani na hoja yangu ya nyumba ya kubebwa. Upepo ulilichukua mara moja. Ulilipigapiga ukutani, ukang'oa pete za kamba, ukalitupa juu ya mchongoma. Mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu. Wifi alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana, na midomo imekuwa na rangi ya majivu.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani wanawake waliketi sakafuni na watoto wao wakitutazama. Hakuna aliyesema neno baya, naomba hilo lieleweke. Walikuwa majirani zetu, waliolia kwenye mazishi ya mtoto yule. Walitazama tu, na kila mmoja alisogeza mtoto wake karibu kidogo. Mama yangu alifika mlangoni, akanyoosha mkono na blanketi kavu. Mkono ulitoka nje, miguu ikabaki ndani.

Nilichukua kikombe chenye uzi mwekundu kutoka kwenye ndoo ya pili. Nikakinga maji yanayotiririka kwenye bati, nikampa wifi.

"Kunywa."

Alikunywa nusu. Nilikichukua mkononi mwake, nikasimama katikati ya mlango, mahali ambapo wote waliniona, na kunywa iliyobaki. Nilimsikia mama akisema "Uwii" kwa sauti ndogo.

"Mmeona?" nilisema. "Sasa tuko wawili. Na ninamwingiza. Hakuomba kuingia, ni mimi ninayemwingiza, kwa nguvu, mbele yenu. Mtoto wa mtu yeyote humu akiumwa, asiulizwe yeye. Mje mniulize mimi. Nyumba mnaijua."

Kule kiwanjani baba alikuwa amesimama na fimbo yake, maji yakimwagika kwenye ukingo wa kofia, akitutazama. Nilisubiri apaze sauti. Aligeuka akamzuia ng'ombe aliyekuwa anarudi bondeni.

Bibi mmoja wa wafugaji, mwenye bangili za shaba na sketi ya ngozi iliyolowa, alikuwa ameketi karibu na mlango. Akasema kwa Kiswahili chake kizito:

"Ninyi. Ingieni au tokeni. Mlango wazi, mvua yote kwangu."

Mtu akacheka, kisha akajizuia.

Mwanamke mmoja mjamzito akainuka. Akamshika mkono mwanawe, akapita ukutani bila kutugusa, akaenda darasa la jirani, na wengine wachache wakamfuata. Sikumchukia wakati ule na simchukii sasa. Alikuwa anaogopa, na hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kingine cha kufanya na hofu hiyo. Nilimsukuma wifi ndani, tukaketi mahali alipotoka. Sakafu ilikuwa bado na joto lake.

Mama aligawa unga wa ndoo ya kwanza. Uji ukapikwa kwenye moto uliowashwa kwa viberiti vyake vya nailoni mbili, na wale vijana walionitania kuhusu digrii walikunywa wakaomba sukari. Nilifungua ndoo ya pili na kuisogeza katikati. Mtoto mmoja alikuja, akavutwa shati kwa nyuma. Sukari ya ndoo ya pili haikuguswa na wengine. Tuliila sisi wawili, kwa kulamba viganjani, na nilihakikisha tunaonekana.

Mvua ilipokatika tulishuka kuona kilichobaki. Nyumba kubwa ilisimama. Shamba la chini lilikuwa limefunikwa, na zizi la ndama halikuwepo. Kijumba cha wifi kilikuwa kimepoteza ukuta wa upande wa mlimani na kujaa mawe na tope mpaka usawa wa dirisha. Mahali pa moto hapakuonekana tena. Baba alipazunguka, akapiga tope kwa fimbo, akapazunguka tena. Nilikuwa na maneno mengi mazuri tayari. Niliyameza, kwa sababu wifi alikuwa amesimama pale akitazama mahali alipoketi.

Tangu siku ile kijiji kikaniweka kando na mimi. Nilipokwenda kwenye misiba, kikombe changu kilitengwa, chenye ukingo uliomeguka, na nilikinywea mbele yao mpaka tone la mwisho na kuomba niongezewe. Wifi alihamia nyumba kubwa kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine. Baba alisema ni mpaka kijumba kitakapojengwa. Hakuna aliyekuwa anakijenga.

Kisha mtoto mmoja wa darasa lile akaumwa kweli. Nilikuwa nafua nilipowaona bibi yake na shangazi yake wanaingia uani. Niliwaamkia.

"Shikamooni."

"Marahaba," alijibu bibi. "Ulisema tuje tukuulize. Tumekuja."

Nilikausha mikono. Nilikuwa nimeijaribu siku hiyo kichwani mara nyingi, na mara zote nilikuwa hodari kuliko nilivyojikuta.

"Anakohoa?"

"Anakohoa. Kifua kinaingia ndani akivuta pumzi."

"Tulikaa darasa lisilo na vioo, bibi, nguo zimelowa, watoto sakafuni. Hiki ni kichomi. Mmempeleka zahanati?"

Walitazamana. "Tulitaka kwanza tujue imetoka wapi."

"Imetoka kwenye baridi. Na kama hamtaki iwe baridi, basi imetoka kwangu, sawa, lawama nimeichukua. Sasa mtoto yuko wapi?"

Tulikwenda wote, shangazi akimbeba mtoto mgongoni, mimi nikitangulia kwa sababu hawakutaka nitembee karibu. Alichomwa sindano, akapewa dawa, akapona. Hakuna aliyekuja kuniambia kuwa nimemponya. Angekufa wangekuja wengi. Nimeifikiria sana hesabu hiyo tangu hapo, na bado siikubali.

Wala sikubali kwamba nilikuwa na kiburi, ingawa mama anasema hivyo mpaka leo. Wengine wanasema mambo haya yangekwisha yenyewe, taratibu, bila mtu kuaibishwa mlangoni. Labda. Lakini ufa wa mlimani haukuwa unakwenda taratibu, na kijumba kile kilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Mawingu ya masika yaliyofuata yalipoanza kukaa juu ya mlima, nilizitoa ndoo zote mbili uani kuzijaza upya. Baba alipita, akachungulia ndani, akasema sukari ya mwaka huu ni nyingi kuliko ya mwaka jana. Wifi alikuja kunisaidia kufunga betri. Alikitoa kikombe chake ndani ya ndoo ya pili, akakigeuzageuza, akaukata uzi mwekundu kwa meno na kuutema. Kisha akakitumia kuchota mahindi guniani, akaenda kuwamwagia kuku.

Mama alisimama mlangoni, ungo mkononi. "Sasa hao kuku wakifa?"

Wifi hakugeuka. Alikuwa anachota kikombe cha pili.

"Waje waniulize mimi," alisema.